Kisanduku, silabusi na faili la cheo: kisa cha mwalimu mmoja wa chuo kikuu Bukavu

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki ni cha mwalimu wa chuo kikuu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliyeanza mwaka 2017 kuingiza masomo ya kidijitali mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na intaneti hununuliwa kwa mega. Tutamwita Mwalimu F. Chuo hakitajwi. Somo alilofundisha na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake yamebadilishwa ili yeye na wenzake wasitambulike. Mji tumeuacha kama ulivyo, maana ukiiondoa Bukavu, nusu ya yaliyompata hayaeleweki.

Nawaandikia maasistenti ambao kila mara huniuliza swali lilelile: nikijenga kitu kizuri cha kufundishia, kitanipandisha cheo? Wengi wakiuliza hivyo hutarajia tuzungumze kompyuta. Katika kisa hiki kompyuta ilisumbua kidogo kuliko vyote. Kilichoamua mambo ni fedha ya silabusi na karatasi za faili la cheo, na hayo mawili sijaona semina ya teknolojia inayoyagusa.

Mazingira

Katika vyuo vyetu mtu huanza akiwa asistenti wa mandati ya kwanza, huenda ya pili, kisha huwa CT (chef de travaux), yaani mkuu wa kazi za vitendo. Mwenye udaktari huingia daraja la maprofesa: profesa mshiriki, profesa, profesa kamili. Kila kipandio kinadai miaka na makala zilizochapishwa. Seva uliyoijenga, video ya somo uliyoirekodi, benki ya maswali uliyoitunga usiku: hivyo havina pa kuandikwa kwenye fomu. Mwaka 2017 Mwalimu F. alikuwa asistenti wa mandati ya pili, mama wa watoto wadogo, akisimamia TP, yaani kazi za vitendo, za kemia za mwaka wa kwanza, darasa linalojaa mpaka madirishani. Kama maasistenti wengi, hakuwa bado na matrikuli ya serikali, ile namba ya kumwingiza mtu kwenye mishahara. Aliishi kwa primu, posho inayotokana na minervali, yaani ada ya wanafunzi, na mwanafunzi akichelewa kulipa, primu nayo huchelewa.

Ndiyo maana silabusi ina uzito. Silabusi ni kijitabu cha somo kinachotolewa fotokopi na kuuziwa wanafunzi kwa dola chache, na mara nyingi mauzo huachiwa asistenti. Wizara imekataza zaidi ya mara moja kumlazimisha mwanafunzi kununua. Katazo linajulikana na wote. Linajulikana pia kwamba orodha ya walionunua hushikwa na CP, kiongozi wa darasa, na kwamba jina lisilokuwamo huonekana. Mimi siwaiti wezi. Mtu anayefundisha miezi bila mshahara amepewa darasa kama shamba, naye analima.

Halafu kuna umeme. Bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale Ziwa Kivu linapomwagikia mtoni, lina uwezo wa karibu megawati 30 tu, na mji umekua mara nyingi tangu wakati huo. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa mitaani hushushwa na mvua hadi ziwani, mkondo huibeba hadi kwenye mitambo, na mitambo husimama mpaka takataka ziopolewe. Mvua kubwa Kadutu leo, giza Ibanda kesho. Yeyote anayetaka kuwasha seva Bukavu anaanzia hapo, hata kama fundi aliyemuuzia hakumwambia.

Yaliyotokea

*Kisanduku cha kwanza*

Mwaka 2017 kaka yake aliyekuwa akiishi Ulaya alimletea Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, inayokula wati chache na kuendeshwa na chaja ya aina ya simu. Aliipakia MoodleBox, programu huria ya Nicolas Martignoni wa Uswisi, inayoigeuza mashine hiyo kuwa seva ya Moodle, jukwaa la kuwekea masomo na mazoezi, yenye waifai yake yenyewe. Mwanafunzi hahitaji mega hata moja: anawasha waifai ya simu, anaandika anwani kwenye kivinjari, anakuta masomo. Baadaye aliongeza Kiwix, ambayo huwezesha kusoma Wikipedia nzima ya Kifaransa bila intaneti.

Siku ya kwanza alikiweka kisanduku hicho juu ya meza ya maabara, karibu na sinki. Waifai ya kifaa kile haikutengenezwa kwa umati. Simu zikizidi kumi na kitu, inasongwa. Waliokaa mbele waliingia, wa nyuma wakaangalia kiduara kinachozunguka. CP, kijana mwenye sauti, hakungoja aambiwe. Alipanga zamu benchi kwa benchi, na benchi lililokwisha kupakua likawarushia wengine kwa Xender, simu kwa simu. Kabla ya juma kwisha, maelezo ya TP yalikuwa yamefika kwa wanafunzi wa mwaka wa pili ambao hawakujua hata kwamba kuna kisanduku. Mwalimu F. aliliona jambo hilo, akafurahi, akaenda kununua ruta ya mtumba Nyawera ili waifai ifike nyuma. Miaka ilipita kabla ya kugundua kwamba mtandao wenyewe ulikuwa zile simu.

Mwaka uliofuata, kwa ruhusa ya mdomo ya profesa mwenye somo, aliweka silabusi yote ndani, bure, pamoja na maswali ya intero, yaani majaribio ya darasani, yanayojisahihisha. Asistenti mwenzake, aliyeishi kwa silabusi ya fizikia, alimngojea nje ya maabara.

"Mama F., kisanduku chako ni kizuri kabisa. Ila watoto wangu watakula waifai?"

Alisema akicheka, naye akacheka. Muda si mrefu wanafunzi wakaanza kuwauliza walimu wengine kwa nini silabusi zao hazimo kwenye boksi. Katika mkutano wa idara likatoka swali ambalo halikuhusu silabusi hata kidogo: nani alimruhusu kuweka seva katika jengo la chuo? Hakuwa na barua. Mkuu wa idara, ambaye mwezi mmoja nyuma alimsifu mbele ya wageni, aliangalia makaratasi yake.

*Taa ya kijani*

Mwishoni mwa 2019, majira ya mvua, umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa usiku mmoja. Asubuhi taa nyekundu ya kisanduku ilikuwa inawaka na ya kijani imezimika. Nyekundu inasema umeme upo. Ya kijani hupepesa mashine inaposoma kadi ya memori. Kadi ilikuwa imeharibika, kwa sababu seva ilikuwa ikiandika wakati umeme ulipokatika. Masomo yenyewe yalikuwa na nakala kwenye laptopu yake. Kumbukumbu za matumizi, yaani nani aliingia lini, alijibu nini, alirudia swali gani, hazikuwa na nakala popote. Alinunua kadi nyingine, akapakia masomo upya, akaendelea. Aliona hasara ni ndogo.

*Machi 2020*

Serikali ilipofunga shule na vyuo Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, waliouliza nani alimruhusu walimpigia simu. Rekta, mkuu wa chuo, alitaka kitivo kizima kiwe mtandaoni katika majuma machache. Mwalimu F. alieleza kwamba kisanduku hufanya kazi kwa kuwa wanafunzi wako karibu nacho. Wakiwa majumbani kwao Panzi, Bagira au Walungu, waifai ya maabara haiwafikii. Alisikilizwa nusu. Chuo kilikodi nafasi kwenye seva ya nje, Moodle mpya ikafunguliwa, walimu wakapewa mafunzo mafupi. Waliopandisha masomo wakawa wachache, wanafunzi walioingia wakawa wachache zaidi. Mega zilikuwa ghali, na Septemba mwaka uleule ikaongezeka tozo ya RAM, ya kusajili simu, iliyokatwa moja kwa moja kwenye salio: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, dola 1 kwa simu ndogo. Kuna wanafunzi waliohamisha laini zao kwenye kitochi ili wasikatwe. Tozo iliondolewa mwaka 2022, baada ya kelele nyingi, lakini kwa mwaka ule ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Katika mkutano mmoja Mwalimu F. alitangazwa kuwa mratibu wa masomo ya mtandaoni wa kitivo. Makofi yalipigwa. Barua ya uteuzi haikuandikwa, primu ya kazi hiyo haikutajwa, na saa zake za TP hazikupunguzwa. Vyuo vilifunguliwa, vikafungwa tena Desemba 18, vikafunguliwa Februari 2021. Kila mara yeye ndiye aliyeamshwa. Miaka hiyo hakuandika makala hata moja. Wenzake walioanza naye wakawa CT. Faili lake lilirudishwa, na aliyelirudisha hakuwa na ubaya wowote: alihesabu makala, hazikutosha.

*Ubelgiji*

Mwaka 2021 alipata ufadhili wa udaktari Ubelgiji kwa mpango wa kupokezana, miezi kule na miezi hapa. Alikuwa na milango miwili: kemia yenyewe, kwa msimamizi aliyekuwa tayari, au ufundishaji wa kemia, kwa kutumia yale aliyoyajenga. Alichagua wa pili. Kitivo chake kilijibu kwa sentensi moja: hiyo ni pedagojia, si kemia.

Wakati yuko kule, mambo mawili yalikufa bila mtu kuyaua. Moodle ya nje ilizimwa kwa sababu malipo ya mwaka hayakufanywa, na nywila za usimamizi alikuwa nazo yeye peke yake, kwenye daftari lililokuwa Ubelgiji. Kisanduku kilibaki kwa fundi mmoja kijana, naye alipata kazi kwenye shirika. Mwalimu F. aliporudi kwa mapumziko alikikuta kabatini kimefungwa kwa mfuko wa sukari, na ruta yake imepelekwa ofisi ya fedha.

*Mara ya pili*

Safari hii alianza na barua. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) ulikuwa umeanza kutumika kwa jumla mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ya kredit 180 na masta ya kredit 120, na hesabu ya kredit hujumlisha saa ambazo mwanafunzi hufanya kazi peke yake nje ya darasa. Walimu wengi walilalamikia hesabu hiyo, kwa haki: nani ataziona hizo saa? Mwalimu F. hakuomba kuweka seva. Aliomba kitivo kiwe na kitengo cha kufuatilia kazi binafsi ya mwanafunzi kama LMD inavyodai, akataja kwenye aya ya mwisho kwamba vifaa vipo. Barua ilizunguka miezi, ikarudi imesainiwa.

Jambo la pili alilianzia barabarani. Ng'ambo ya lango la chuo kuna safu ya vibanda vya fotokopi. Vibanda hivyo hivyo huwapakia watu nyimbo na filamu kwenye flashi na kadi za memori. Alikaa na mwenye kibanda mmoja, kisha na maasistenti wanne, akiwemo yule wa fizikia, wakakubaliana hivi: silabusi, maelezo ya TP, sauti ya mwalimu akieleza sura ngumu, na maswali ya mazoezi vitawekwa pamoja, mwanafunzi atapakiwa kibandani kwa bei isiyofika nusu ya silabusi ya karatasi, mwenye kibanda atachukua sehemu, aliyeandika somo atachukua sehemu. Hakuna orodha ya majina. Anayetaka bure anaingia maabara, anaunganisha simu na kisanduku, anapakua mwenyewe.

Asistenti wa fizikia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta silabusi yake, tena ameipiga chapa upya na kurekebisha michoro. Kwa hesabu yake, asiyelipia tena fotokopi za kurasa 100 na zaidi alibaki na faida ileile kwa bei ndogo.

Kisanduku nacho kilibadilishwa: betri ya volti 12 yenye paneli ya jua, mfumo mzima kwenye diski ya SSD badala ya kadi, nakala ya kumbukumbu kila mwisho wa juma kwenye diski ya pili inayolala nyumbani kwa mtu mwingine. Nywila zikawa kwa watu watatu, na hilo limeandikwa kwenye waraka wa kitengo.

Maamuzi na sababu zake

Kuanza bila intaneti lilikuwa chaguo la mtu anayewajua wanafunzi wake. Vivyo hivyo kutumia Moodle badala ya kutunga programu yake: aliniambia kwamba hakutaka kufa na kitu kisichojulikana na mtu mwingine. Hayo mawili sina neno nayo.

Kuanza bila barua kuna maelezo yake. "Nikiomba karatasi watanizungusha mwaka mzima," alisema, na alikuwa sahihi. Barua ya pili ilizunguka kweli. Lakini hakupima gharama ya upande wa pili. Bila barua, kazi ya miaka mitatu haikuwa kazi ya chuo. Ilikuwa mazoea yake binafsi yaliyovumiliwa.

Kukubali cheo cha mdomo mwaka 2020 ni gumu zaidi kulihukumu. Wapo wanaosema angekataa mpaka apewe uteuzi wa maandishi. Hao hawajawahi kuwa asistenti asiye na matrikuli aliyeitwa na rekta. Angeweza, hata hivyo, kufanya jambo dogo ambalo wakongwe wa ofisi hulifanya bila kufikiri: kurudi nyumbani na kuandika barua ya kushukuru kwa uteuzi, akitaja tarehe ya mkutano, kazi aliyopewa na muda wake, akaomba nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa. Barua ya shukrani haikataliwi. Na ikishapigwa mhuri, ni ushahidi.

Matokeo

Kumbukumbu za mara ya pili zilimpa makala mbili, moja juu ya saa ambazo wanafunzi hufungua mazoezi, nyingine juu ya makosa yanayorudiwa katika kusawazisha milinganyo ya kemia. Kwa makala hizo alipandishwa kuwa CT. Udaktari ameutetea.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Benki zilifungwa, masomo yalisimama kwa muda, wanafunzi wakatawanyika. Kisanduku kilihamishiwa nyumbani kwa mmoja wa wale watatu wenye nywila. Wanafunzi waliofika Uvira na Bujumbura walikuwa na masomo kwenye simu zao kwa sababu walikuwa wameyapakia kibandani. Waliokuwa hawajapakia walirushiwa na wenzao. Hilo halikupangwa na mtu yeyote, na nisingependa lisimuliwe kama ushindi. Lilitokana tu na uamuzi wa kuacha masomo yakae kwa wanafunzi badala ya kwenye seva.

Faili lake la uprofesa mshiriki linahitaji saini ya waziri, Kinshasa. Limekaa.

Idara mbili zimejiunga na kitengo. Nyingine zimebaki na karatasi, na katika moja yao mwalimu amekataza wazi silabusi yake isipakiwe. Ana haki hiyo.

Uchambuzi

Kosa linalofanywa mara nyingi na wasimuliaji wa visa kama hivi ni kusema kwamba wenzake walipinga teknolojia. Hakuna aliyepinga teknolojia. Yule wa fizikia alikuwa na simu nzuri kuliko ya Mwalimu F. Alipiga hesabu, akaona kisanduku kinakula fedha ya unga, na hesabu yake ilikuwa sawa. Siku hesabu ilipobadilika, alikuja mwenyewe. Mafunzo yote ya "kuwahamasisha walimu" yaliyofanyika 2020 hayakugusa jambo hili, na kwa hiyo hayakumsogeza mtu. Wapo watakaosema mpango wa kibanda umehalalisha uuzaji wa masomo. Nakubali kwamba si safi. Lakini bei imeshuka chini ya nusu, orodha ya CP imekufa, na njia ya bure ipo maabara. Chuo kikianza kulipa maasistenti wake, kibanda kitaondoka chenyewe.

Watu wakizungumzia waanzilishi wa fani hii hutaja majina makubwa: Donald Bitzer, aliyeanzisha PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, wa chuo cha MIT Marekani, aliyeshiriki kubuni Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto, Martin Dougiamas wa Australia, aliyetoa Moodle mwaka 2002. Visa vyao husimuliwa kana kwamba mtu alipata wazo na dunia ikafungua mlango. Tazama walipokuwa wamekaa. Bitzer alikuwa mhandisi wa chuo, na kazi yake ilijengewa maabara yake yenye bajeti. Papert alikuwa profesa. Dougiamas alikuwa ameajiriwa na Chuo Kikuu cha Curtin kusimamia mfumo mwingine wa masomo, na Moodle ilizaliwa ndani ya utafiti wake. Kwa wote watatu kazi ya kujenga na kazi inayohesabiwa zilikaa kwenye meza moja. Mwalimu F. alijenga usiku, na mchana akafanya kazi nyingine inayohesabiwa, nayo hakuimaliza.

Hapo ndipo chaguo la mada ya udaktari linapoonekana upya. Nimesikia wenzake wakisema angechukua kemia akapanda haraka. Sikubaliani nao. Kwa kemia angebaki na maisha mawili, na moja lingekufa. Tunajua ni lipi. Ufundishaji wa kemia ulimpa njia ya kugeuza kila intero kuwa takwimu na kila takwimu kuwa makala. Pingamizi la kitivo, kwamba ni pedagojia, lilijibiwa siku ya makala ya pili, maana huwezi kuandika juu ya milinganyo isiyosawazishwa bila kuijua kemia. Ila angepaswa kupata jibu hilo kwa maandishi kabla ya kuondoka, siyo baada. Kwa aliyesomea hesabu, lugha au biolojia shauri langu ni lilelile: baki kwenye fani yako, ufundishaji wake uwe eneo lako la utafiti, na kitivo kiseme hivyo kwenye karatasi.

Mwaka 2020 una funzo lake, nalo ni chungu. Chuo kilipomhitaji kilimpa kazi, hakikumpa nafasi, na kazi bila nafasi haimwachii mtu kitu janga likiisha. Kifo cha Moodle ya nje alipokuwa Ubelgiji kinatoka hapohapo: kwa kuwa hapakuwa na kitengo, hapakuwa na mtu wa kumkabidhi nywila. Ni rahisi kumlaumu kwa lile daftari. Mimi nauliza angemwachia nani, kwa cheo gani?

Lililobaki dhaifu mpaka leo ni vipimo. Mbele ya tume ya cheo aliulizwa: kisanduku kimesaidia nini? Aliweza kuonyesha kwamba wanafunzi walikitumia. Hakuweza kuonyesha kwamba walijifunza zaidi kuliko wale wa kabla yake. Kumbukumbu za miaka miwili ya kwanza, ambazo zingekuwa mwanzo wa ulinganisho, zilikwenda na kadi ya 2019, na hasara aliyoiona ndogo ilimgharimu kuliko ruta, betri na paneli kwa pamoja. Tena kumbukumbu za Moodle zinamwona tu aliyeingia. Mwanafunzi asiye na simu, anayesoma juu ya bega la mwenzake, hayumo. Wakati kadi zilipoanza kupakiwa kibandani, sehemu kubwa ya matumizi ikatoka machoni mwa seva kabisa, kwa hiyo mafanikio ya mpango yalipunguza ushahidi wake. Nadhani hilo halina dawa ya kiufundi.

Anachofanya sasa ni kuchukua alama za mitihani ya kemia ya mwaka wa kwanza tangu kabla ya 2017 na kuzilinganisha, swali kwa swali pale karatasi za maswali zilipohifadhiwa. Rejista ziko katika ofisi ya mitihani, nyingine zimeliwa na unyevu. Ruhusa ya kuzifungua aliiomba kwa barua, akapewa nakala yenye mhuri, na mwanafunzi wake wa masta anazinakili kwa mkono.